Mlolongo wa Junia

Redio ya Abukar ilikohoa, ikakwaruza, halafu ikatoa habari iliyomfanya Kyalo Breki ateme nusu ya kahawa na nusu imwingie puani. Rais wa maisha wa nchi moja ya mbali, nchi ambayo hata mtangazaji alijikwaa kulitaja jina lake, alikuwa amefariki. Kabla maiti haijapoa, mwanawe alikuwa ameshaapishwa. Na kura ilipigwa, watu wasije wakasema haikupigwa. Kura zote zilimwendea mtoto.

"Zote?" Kyalo aliiuliza redio. "Mazee, zote namna gani? Mimi nikigombea kwa nyumba yangu mwenyewe sipati zote. Bibi atanikataa, halafu mama mkwe apande basi kutoka Mwingi aje anikatae pia."

"Redio imesema zote," akasema Johnson Karani, "na redio ni ya serikali."

"Serikali ya huko ama ya hapa?"

"Punguza sauti, Breki."

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, mtaa wa Mikwajuni, ng'ambo ya reli ukitokea Kaloleni. Benchi la kahawa liliegemea ukuta wa holi la mtaa, na mbele yake palikuwa na kiwanja cha vumbi. Abukar alikuwa na birika lake la shaba juu ya jiko la makaa, vikombe vichache visivyo na mikono, na sinia la kashata ambalo nzi walilijua kuliko wateja. Kyalo alikuwa dereva wa lori la kupeleka mbuzi soko la Kiamaiko. Jina la Breki alipewa kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo. Johnson alikuwa karani wa stoo mpaka alipostaafu. Alistaafu yeye, tai ikabaki kazini. Aliivaa hata Jumapili, hata kwenda chooni.

Mwisho wa benchi alikaa mzee Mativo, mchonga vinyago, waliyemwita Msumeno kwa vile hakuwa akisema bila kukata. Shule aliiachia darasa la pili, mke alimzika mwaka juzi, na kwa yote mawili alikuwa na mtu wa kumlaumu. Siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu na kupaka viatu rangi, jambo ambalo halikuwa limeonekana tangu matanga.

"Warya, Karani," akasema Abukar akimimina, "wewe ndiye umesoma. Hebu tueleze, mtu anapataje zote?"

Johnson akalikunja gazeti lake polepole, kama mtu anayekunja bendera.

"Kazi inaanzwa mapema," akasema. "Mtoto bado ananyonya, ni luteni. Akiota meno, kapteni."

"Na akiacha kukojoa kitandani?"

"Kanali. Na asipoacha ni kanali vilevile, maana nani atamwambia?"

"Wallahi, huyo godoro lake limeona vita," akasema Abukar.

"Halafu jamaa wanagawiwa nchi. Mjomba anapewa jeshi. Shangazi anapewa benki."

"Na shemeji?" Kyalo alikuwa na mashemeji wengi, alitaka kujua.

"Shemeji magereza. Ndiyo kila akienda kazini akumbuke kuna vyumba."

"Sasa tuseme," akasema Kyalo, "katiba ya huko inataka rais awe mtu mzima, mwenye mvi. Na kijana hana hata unywele mmoja mweupe."

"Bunge linakaa asubuhi," Johnson alisema bila kusita, "linapitisha kwamba mvi ni hiari. Saa nne wanakunywa chai."

Kyalo akacheka mpaka benchi likayumba. Mativo hakucheka. Alikuwa akikitazama kiwanja, pale palipochorwa maduara mawili kwa chokaa.

"Nyinyi mnahesabu vyeo," akasema. "Vyeo ni rangi ya juu tu. Mimi nitawaambia inavyochongwa. Mwaka mmoja nilikuwa na kundi la twiga, oda ya duka moja la watalii. Gogo moja likanidanganya, lilikuwa na fundo ndani. Twiga akatoka mfupi. Mnadhani nilimtupa?"

"Ulimuuza kama mbuzi," akasema Kyalo. "Ungeniita nimpeleke Kiamaiko."

"Niliwakata miguu wale wengine wote. Nikawapanga, yeye katikati. Mtalii alipofika akasema, aisee, yule wa katikati ni mrefu, nampenda. Hiyo ndiyo kazi ya baba. Miaka yote anakata miguu ya watu. Mwalimu akijinyoosha, msumeno. Padri akijinyoosha, msumeno. Jenerali akinunua viatu vyenye kisigino, msumeno. Siku anapokufa watu wanaangaza huku na huku, wanasema, kwani nani mwingine amesimama? Si huyu kijana peke yake?"

Mtu mmoja alipita na baiskeli. Johnson akamsindikiza kwa macho mpaka akapinda kona.

"Huko," Johnson akasema kwa sauti ya kusikika. "Msumeno anazungumza juu ya huko."

"Huko kabisa," akasema Abukar.

"Mbali sana," akasema Kyalo. "Hata dinga yangu ya mbuzi haifiki." Kisha breki zikamkatika tena. "Lakini shida ya huko ni wananchi. Waoga! Wanakaa tu wanaangalia. Hapa Eastlands, mazee, nani anaweza kutuletea hiyo? Mtoto wa mtu aje atukalie juu kwa sababu fathe yake alitukalia? Watoto wa Kaloleni watamtoa mbio mpaka Mowlem akiwa na soksi moja!"

"Hapa tutaona leo saa tisa," akasema Mativo.

Wote wakayaangalia yale maduara ya chokaa.

Mzee Ndete, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa tangu Kyalo hajaota ndevu, alikuwa amezikwa Machakos majuma machache nyuma, na siku hiyo ndiyo mtaa ungechagua wa kukaa mahali pake. Cheo chenyewe hakikuwa na mshahara. Kilikuwa na ufunguo. Mwenyekiti ndiye aliyeweka ufunguo wa holi, na holi lilifunguliwa kwa mikutano ya chama, harusi za jamaa zake Ndete, na jambo lolote lililompendeza Ndete. Nzisa, mke wa Mativo, alipofariki, Mativo alikwenda kuomba holi watu wakae matanga. Ndete akamwambia kwa upole kwamba ndani mna viti vya chama, na viti vya chama si vya kuliliwa. Waombolezaji wakakaa nje chini ya karatasi ya nailoni. Mvua ya Aprili ikawanyeshea mpaka nyimbo zikakatika katikati, na dada zake Nzisa wakarudi Kitui na homa.

Tangu siku hiyo Mativo alikuwa amelaumu kila mtu mwenye kiti: diwani, mbunge, mkuu wa mkoa, mpaka mzungu aliyelijenga holi lenyewe na kulitia kufuli. Lakini lawama zake zote zikimaliza kuzunguka, zilirudi kwenye ule ufunguo. Basi Ndete alipokufa akajitokeza kugombea. Ahadi yake ilikuwa moja, na alikuwa ameisema nyumba kwa nyumba: mtu akifiwa, holi lifunguliwe. Aliyekuwa akishindana naye alikuwa mtoto wa marehemu, Titus Ndete, ambaye mtaa mzima ulimwita Junia.

Kura ingekuwa ya mlolongo. Mgombea anasimama ndani ya duara, wanaomtaka wanapanga foleni nyuma yake, wanahesabiwa. Serikali kuu ilikuwa imeshaufuta mtindo huo kwa aibu, lakini habari hiyo haikuvuka reli. Msimamizi alikuwa Makau, katibu wa kamati, ambaye pia ndiye refa wa mtaa, na hakuna jambo alilolijua kuliko filimbi. Asubuhi alikuwa ametangaza kwenye bomba la maji: "Filimbi ikilia, ulipo ndipo ulipo. Hakuna kuhama. Hata mbwa akikuuma, atakuuma hapo hapo."

"Mzee, wewe usiwe na wasiwasi," Kyalo akamwambia Mativo. "Mimi ndiye wa kwanza nyuma yako. Nitakushika koti, ndio ujue niko."

"Mimi pia nitasimama," akasema Johnson. "Kikatiba."

"Kikatiba ndiyo nini?"

"Nyuma yako, lakini kidogo kando."

"Mimi nachemsha kahawa," akasema Abukar. "Lakini moyo wangu, mzee, uko kwa foleni yako tangu jana."

Mativo akatikisa kichwa. Hata hivyo aliinuka akajipangusa vumbi matakoni, na wenzake waliona kwamba mzee alikuwa na tabasamu mahali fulani chini ya pua.

Watu walikuwa wameanza kujaa kiwanjani, wanaume na akina mama waliotoka ibada za mapema, wakati Junia alipotokea. Kwanza yalitokea mabega. Alikuwa amevaa koti la marehemu babake, na mabega ya koti yalifika benchini kabla ya mwenyewe. Nyuma yake alikuja Makau Refa, filimbi shingoni.

"Niaje wazee wangu," akasema Junia kwa sauti ya mgonjwa. "Sijawapa pole."

"Si wewe ndiye uliyefiwa?" akauliza Kyalo.

"Sisi sote tumefiwa, Breki."

Kyalo akasogea kumpisha kwenye benchi, bila kujua kwa nini.

Junia akampa Johnson mkono, akaushikilia. "Karani, baba kila siku alikuwa akisema, mtaa huu una kichwa kimoja tu cha kuandika, na hatukukitumia. Ilimuuma mpaka anakufa."

"Alisema hivyo?" Johnson akanyoosha tai. "Mzee Ndete mwenyewe?"

"Maneno yake karibu ya mwisho. Alikuwa akitafuta jina la hicho cheo. Mshauri mkuu, nadhani."

"Mkuu," Johnson akarudia taratibu, kama anayeonja supu.

Kisha Junia akamgeukia Mativo, akainama kidogo. "Mzee Msumeno. Mpinzani wangu. Uko salama?"

"Nitakuwa salama ikifika saa tisa na nusu."

Junia akacheka, na watu waliokuwa karibu wakacheka pia, ingawa Mativo ndiye aliyekuwa amesema. Yule kijana akasogea kwenye jiko.

"Abukar, kampeni zimekwisha. Sasa sisemi mambo ya kura, hayo ni ya Refa. Hii ni ya nyumbani. Baba alikunywa kahawa kwa benchi hili miaka yote. Tulimzika mbali, wengi hamkufika. Leo nataka kila mtu wa mtaa anywe kikombe kimoja, kumkumbuka marehemu. Kimoja tu. Halafu kila mtu aende anakoenda."

Hapo palikuwa na ugumu. Mtu wa Mikwajuni anaweza kukataa kahawa ya kampeni, anaweza hata kuimwaga mbele ya aliyeileta. Lakini kahawa ya marehemu haikataliwi. Ukiikataa utasemwa mpaka kijijini kwenu, na siku yako ikifika watu watakumbuka. Akina mama wakaweka mikono vifuani. Wanaume wakavua kofia. Vikombe vya Abukar vilikuwa vichache, kwa hiyo ilibidi watu wapange laini wanywe kwa zamu. Na aliyefiwa, kama desturi inavyotaka, anakunywa wa kwanza. Junia akasimama mbele, akanywa, akabaki hapo hapo; waliokunywa baada yake wakarudi nyuma yake kwenye laini.

"Karani," akasema Mativo, "unaenda wapi?"

"Kunywa ya marehemu. Ni heshima tu."

"Si tumekubaliana?"

"Hii si kura, Msumeno. Hii ni utamaduni." Na Johnson akaenda akasimama, safari hii bila ukando wowote.

Foleni ikarefuka ikapita ukuta wa holi, ikapinda kwenye mfereji. Mativo alibaki amesimama karibu na duara lake, hakuingia ndani wala hakutoka. Hakuwa na haja na kahawa ile. Nzisa naye alikuwa marehemu, na hakuna aliyemimina hata maji. Akahesabu migongo ya watu waliomwapia, mmoja mmoja, mpaka alipouona mgongo wa Kyalo.

"Breki! Hata wewe?"

"Mzee, ni ya marehemu! Nameza narudi, dakika tu!"

"Saa tisa inakaribia!"

"Karani anasema saa yake bado!"

Mativo akayatazama maduara, akaitazama filimbi ya Makau ikining'inia, akaona kitu ambacho hakukipenda. Akatoka mbio. Kwa umri wake na viatu vile vya rangi mpya, ilikuwa mbio kweli. Akamfikia Kyalo, ambaye alikuwa ndio kwanza amepokea kikombe na kurudi nyuma ampishe aliyefuata, akamshika shati.

"Toka! Toka kwa hii laini sasa hivi!"

"Utanimwagia, mzee, ni moto! Shika basi, shika kikombe nitoe mkono..."

Mativo akashika kikombe. Kyalo akaanza kujinasua kwenye umati.

Makau Refa akapuliza.

Aliipuliza kama ya penalti. Njiwa waliruka juu ya holi. Mtaa mzima ukaganda: mwenye kikombe mdomoni, mwenye mguu hewani, na mzee Mativo, mgombea, akiwa ndani ya foleni na kahawa ya marehemu mkononi.

"Ulipo ndipo ulipo!" Makau akapaza sauti, akaanza kupita akigusa mabega ya watu na kuhesabu kwa kunong'ona.

"Refa!" Kyalo alipiga kelele. "Mazee, Refa, hii ni laini ya kahawa!"

"Sheria haisemi laini iwe ya nini. Inasema iwe nyuma ya mgombea. Aliye mbele hapo ni nani?"

"Ni Junia, lakini..."

"Ni mgombea ama si mgombea?"

"Ni mgombea, lakini..."

"Basi unataka nipulize mara ngapi?"

"Saa tisa haijafika!" akasema Mativo. "Karani, waambie! Angalia saa!"

Johnson akaitazama saa yake. Akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma mkataba. "Saa yangu," akasema hatimaye, "huwa inachelewa chelewa."

Makau alifika kwa Mativo, akamgusa bega.

"Usinihesabu! Mimi ni mgombea! Nimeshika kikombe cha huyu!"

"Umeshika kikombe cha marehemu, umesimama nyuma ya mtoto wa marehemu. Na ulikuja mbio, mimi nimekuona. Wengine wote walitembea."

"Na mimi?" Abukar akauliza kutoka kwenye jiko. "Mimi siko kwa foleni. Mimi nauza."

Makau akafikiri. "Wewe ulimpa mgombea kikombe kwa mikono miwili. Hiyo ni kura na nusu."

"Sasa jumla ni ngapi?" Kyalo aliuliza, ingawa alishajua.

Makau akalitazama duara la Mativo. Lilikuwa tupu, na kuku mmoja alikuwa akidonoa chokaa. "Ni zote," akasema.

Watu wakaanza kunung'unika. Palikuwa na dakika moja hivi ambapo mambo yangeweza kwenda upande wowote. Mtu wa nyuma alisema "huu ni wizi", na mwanamke mmoja akasema "wacha kwanza". Lakini kila mtu alikuwa na kahawa ya bure tumboni, na ni kazi ngumu kulalamikia foleni ambayo wewe mwenyewe uliisukuma mwenzako ndio upate nafasi. Kila mmoja akamtazama aliye mbele yake, aanze yeye. Aliye mbele kabisa alikuwa Junia.

"Ahsanteni," akasema Junia, na sasa sauti haikuwa ya mgonjwa. "Ahsanteni sana. Hata mpinzani wangu, kwa uzalendo wake, mmeona alivyokimbia kuja kuniunga mkono. Mzee kama huyu hatuwezi kumwacha nje. Kuanzia leo, mzee Mativo ni mwanakamati anayesimamia holi!"

Makofi yakalia. Kyalo akambonyeza Mativo mbavuni. "Mzee! Si ndicho ulichokuwa unatafuta? Holi! Umeshindwa ukashinda!"

Mativo alikishika kikombe wima kisimwagike. Alimsogelea Junia.

"Kusimamia holi. Mtu akifiwa, nitalifungua?"

"Bila shaka, mzee."

"Basi nipe ufunguo."

Junia akampiga piga begani kwa huruma. "Ufunguo kwa sasa utakaa na familia. Kwa sababu za usalama. Wewe utasimamia upande wa nje."

"Upande wa nje."

"Kuta. Rangi. Watoto wasichore."

"Nilishasimamia upande wa nje wa hili holi," akasema Mativo. "Siku tatu mchana na usiku, na jeneza halijafika. Tafuta mwingine."

Akamrudishia Kyalo kikombe, hakikupungua hata tone, akavuka kiwanja, akamfukuza kuku, akaingia ndani ya duara lake. Akasimama humo, mikono nyuma, uso mbele.

"Mchezo umeisha, mzee!" Makau akamwambia kwa mbali. "Tumeshapuliza!"

"Nimesikia."

"Sasa unasimamia nini?"

Mativo akauvuta mguu uliokanyaga chokaa, akaurudisha ndani ya duara.

Junia akafungua holi. Milango ilisukumwa, na Mativo akaviona vile viti kwa mara ya kwanza tangu Nzisa afe, vimepangwa kimoja juu ya kingine mpaka darini, vikavu, visafi, hata vumbi halikuruhusiwa kuvikalia. Palikuwa na kreti za soda. Watu wakaingia, kwanza kwa aibu, wakipita ukutani, halafu kwa kusukumana. Johnson aliingia na gazeti kwapani. Alipofika mlangoni akageuka akamwambia Mativo kwa mbali, "Kwa utaratibu, matokeo ni halali. Si mazuri, lakini ni halali," akaenda kutafuta kiti cha mbele. Kyalo alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje, chupa ya soda mkononi, akimtazama mzee, akiitazama soda.

"Mzee, jua ni kali!" akaita.

"Ni jua la bure," akasema Mativo. "Halina marehemu wa kukumbukwa."

Abukar akaanza kukusanya vikombe vyake akiviangalia kimoja kimoja, kama anayetafuta kilichomkosea.

Ndipo akatokea Khavere, mama wa Kimaragoli aliyeuza mboga za kienyeji nyuma ya holi. Alikuwa ndio anatoka kanisani, kwa maana kwenye kanisa lake ibada haikuisha mpaka ngoma ichoke. Uchaguzi ulikuwa umempita na hakuwa na habari. Alichokiona ni mgongo wa mtu amesimama wima katikati ya kiwanja. Na hiyo ilikuwa ile miaka ya uhaba, unga ukipotea leo, sukari kesho, maziwa wiki nzima, na mwanamke wa Eastlands alikuwa amejifunza kwamba ukiona mgongo uliotulia namna ile, kwanza unasimama nyuma yake. Kuuliza ni baadaye.

Akasimama, akaweka kikapu chini. "Mzee Mativo. Ni laini ya nini?"

"Ya kukataa."

"Kukataa nini?"

"Junia. Ameshapewa holi, na ufunguo amebaki nao. Kura imeisha. Mimi ndiye nimebaki."

"Inapeana nini hii laini?"

"Haipeani kitu, mama. Nenda nyumbani."

Khavere akautazama mlango wa holi, akaviona viti. Alivitazama sana.

"Kumbe ni vingi hivyo," akasema. "Na siku ile ya matanga ya Nzisa nilikaa juu ya mtungi, maji yakaniingia mpaka kwa viatu." Akakaza kitambaa chake kichwani. "Sogea mbele kidogo, mzee. Umesimama kama mtu aliyepotea."

Mativo akasogea. Makau aliona kutoka mlangoni, akaja mbio akiwa na filimbi mdomoni na biskuti mkononi, hakujua aanze na ipi.

"Nyinyi! Huu ni mkutano bila kibali! Tawanyikeni!"

"Mkutano gani?" akasema Khavere. "Hatujakutana. Tuko laini."

"Laini ya nini?"

"Baba, wewe ni mtu mzima na ni katibu," akasema Khavere, "unakujaje kwa pembeni unauliza watu walio mbele? Simama nyuma kwanza kama wengine. Halafu uulize."

"Mimi nauliza tu ni laini ya..."

"Nyuma!"

Na Makau, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa sheria, na ambaye juzi tu alikosa sukari kwa kosa hilo hilo la kuuliza kwa pembeni, akajikuta amezunguka amesimama nyuma ya kikapu cha Khavere.

"Haya," akasema. "Nimesimama. Sasa niambieni."

Khavere akakisogeza kikapu mbele kidogo. Akina mama wawili waliokuwa wakipita kutoka bombani walipomwona katibu mzima wa kamati amepanga foleni juani, wakatazamana, wakakata kona kuja kwenye laini. Kyalo akaiweka soda kizingitini. Mativo hakugeuka nyuma. Alikuwa akisikia tu mitungi ya maji ikituliwa chini, mmoja, kisha mwingine, na sauti ya mwanamke ikimuuliza Makau ni kitu gani kimeletwa.